Pawa stesheni moja kwa dawa ya mama na kambi ya Lushoto

Swali: "Habari za kazi, mhandisi. Ninaishi Kimara na mume wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi mwenye miaka 68. Mama ana kisukari na anachoma insulini, ambayo tunaihifadhi kwenye friji. Umeme ukikatika usiku silali. Nafungua friji kila baada ya muda kugusa kama chupa bado zina baridi. Mdogo wangu aliyeko Marekani amejitolea kuniletea pawa stesheni, lile sanduku la betri la kubebeka lenye soketi, ya wati-saa 1,000 atakapokuja Desemba, na anasema ataiweka tu kwenye begi lake. Mimi pia ni mlezi wa vijana kanisani, na kila mwaka tunapiga kambi Lushoto kwa siku tatu, hivyo nimefikiri itatusaidia na huko. Jirani yangu anayo ndogo. Anasema nikiichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili itawasha nyumba nzima, na kwamba ikiwa mpya lazima niichaji kwa muda wa saa 12 kabla ya kuitumia, kisha niwe naiacha iishe kabisa ndipo niichaji tena. Shemeji yangu naye anasema betri hizo hulipuka, afadhali jenereta. Nimsikilize nani? Na wati-saa 1,000 zinatosha?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na washauri wako baadhi wameshika kipande cha ukweli, lakini nikiyasoma maelezo yako tangu mwanzo naona kwamba kinachokunyima usingizi ni kimoja: kwamba umeme utakatika saa nane za usiku, ninyi mmelala, na asubuhi mama atachoma dawa iliyoharibika. Nitaanza na hilo kabla ya kugusa chombo chochote, kwa sababu mtu anayenunua kwa hofu huuziwa kitu kikubwa kuliko anachohitaji, au kitu kisichomfaa kabisa.

Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Hilo halina maana kwamba ikifika nyuzijoto 12 kwa saa mbili imekuwa maji matupu. Insulini nyingi, zikishaanza kutumika, huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzijoto 30, na nyingine 25; karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa ya mama ndiyo inayosema yake ni ipi, na mfamasia wenu atakusomea kama maandishi ni madogo. Kwa hiyo usiku mmoja bila umeme si msiba. Siku mbili za Februari katika nyumba ya bati isiyo na dari ni jambo jingine, na hizo ndizo za kujiandalia.

Friji iliyofungwa hutunza ubaridi wake kwa takriban saa nne. Unapoifungua kila mara ili kuzigusa chupa, unautoa nje ubaridi uleule unaouhofia. Tafuta kipimajoto kidogo chenye kihisio cha waya, ambacho kioo chake hubandikwa nje ya mlango, uwe unasoma bila kufungua. Kisha jaza maji chupa tatu za plastiki za lita moja na nusu, usizifikishe shingoni, uzigandishe kwenye friza. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto la takriban wati-saa 93, maana yake chupa zako tatu zimebeba zaidi ya wati-saa 400 za ubaridi ambao tayari umeulipia kwenye LUKU. Umeme ukichelewa kurudi, zihamishie sehemu ya chini ya friji, mbali na insulini, kwa sababu insulini ikiganda hutupwa hata kama baadaye imeyeyuka na inaonekana safi. Hiyo ndiyo betri yako ya kwanza, na unaweza kuwa nayo kesho.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Pawa stesheni ni betri kubwa ya lithiamu iliyofungwa katika sanduku moja pamoja na chaja, kidhibiti cha kupokea umeme wa paneli za sola, sakiti ya kuilinda betri, na invata inayougeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Ubavuni mwake huandikwa namba mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Wati-saa ni ujazo, yaani umeme kiasi gani umehifadhiwa; wati ni nguvu, yaani umeme kiasi gani unaweza kutoka kwa mara moja. Fikiria simtanki na bomba linalotoka ndani yake: tanki la lita 1,000 lenye bomba jembamba litakupa maji ya siku nyingi lakini kwa kuchuruzika, na pipa la lita 200 lenye bomba pana litamwaga kwa kishindo kisha likauke. Muuzaji hukutajia namba moja tu, ile inayoonekana kubwa, na wewe lazima uulize ya pili.

Wati-saa si kitu kigeni kwako, kwa sababu unazinunua kila mara: yuniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Sanduku ambalo mdogo wako anataka kukuletea, likiwa limejaa pomoni, lina yuniti moja ndani yake. Tena hutaipata yote. Invata yenyewe hula sehemu yake kwa joto na kwa kukaa macho tu, hivyo katika hesabu zangu huchukua asilimia 85, yaani wati-saa 850 za kutumia kupitia soketi.

Je, friji yako inakula kiasi gani? Usikubali jibu la kubahatisha, wala usiangalie kibandiko cha nyuma peke yake, maana kompresa huwaka na kupumzika na kibandiko hakijui mlango wenu unafunguliwa mara ngapi. Mita ya LUKU ndiyo kipimo chako. Usiku mmoja, watoto wakishalala, chomoa kila kitu isipokuwa friji, uandike salio la yuniti. Asubuhi, kabla mtu hajawasha taa, lisome tena. Tuseme saa nne usiku mita ilionyesha 41.80, na saa kumi na mbili asubuhi inaonyesha 41.40. Zimetumika yuniti 0.40 kwa saa 8, sawa na wati-saa 400, kwa hiyo friji inakula wastani wa wati 50. Ongeza taa mbili za LED za wati 9 kila moja na ruta ya intaneti ya wati 10, unapata wati 78. Gawanya 850 kwa 78, na sanduku linakuchukua karibu saa 11. Ukiwasha na feni ya kawaida ya wati 55, jumla inapanda kuwa 133 na muda unashuka hadi saa 6 na dakika chache. Feni moja imekula karibu nusu ya usiku wako. Ndiyo maana wanaotegemea vyombo hivi huishia kununua feni ndogo ya umeme wa DC, yaani umeme wa aina ya betri, ya wati 10 hadi 15, ambayo huchomekwa kwenye tundu la USB au la volti 12 bila kuipitia invata. Pasi ya wati 1,200 usiifikirie: hata kama sanduku litakubali kuibeba, limekwisha ndani ya dakika 40 hivi.

Kwa hiyo kwa ujazo, ndiyo, wati-saa 1,000 zinatosha usiku mmoja wa friji, taa na ruta. Tatizo linalowaangusha wengi liko kwenye bomba. Kompresa ya friji ni mota, na mota inapotoka kwenye kusimama hadi kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Niliwahi kuitwa na familia moja kule Tabata iliyodhani imeuziwa kitu kibovu. Walikuwa na sanduku la wati 500 na friji ambayo kibandiko chake kilisema wati 130, na kwa hesabu ya kawaida mambo yalipaswa kwenda vizuri. Tulikaa mbele yake tukisubiri. Kioo cha sanduku kikaonyesha 0, kompresa ikagonga "tok", kioo kikaruka, alama ya tahadhari ikamweka na kila kitu kikazimika. Tulijaribu mara tatu, matokeo yaleyale. Nilipoichomeka friji hiyohiyo kwenye sanduku linaloweza kutoa wati 1,000 mfululizo na 2,000 kwa mkupuo wa kuwashia, ikaanza bila hata taa kutikisika, kisha kioo kikatulia kwenye wati 120 na kitu. Sanduku lao la kwanza halikuwa bovu hata kidogo; halikufanana na kazi yao. Ukienda dukani, basi, uliza wati za mfululizo na wati za mkupuo, na usikubali chini ya hizo nilizozitaja kwa friji ya kawaida ya nyumbani. Friji mpya zenye kompresa inayobadilisha kasi, ile iitwayo kompresa ya invata, huanza taratibu na hazina ukorofi huo. Na friji yoyote ikizimika ghafla, ipe dakika tano kabla ya kuiwasha tena, ili mgandamizo wa gesi ndani ya kompresa ushuke. Friji gadi, kile kifaa cha kwenye soketi kinachoilinda friji umeme ukipanda na kushuka, inafanya kazi hiyohiyo ya kuchelewesha.

Kuhusu zawadi ya mdogo wako, hapa naomba umshukuru sana na umzuie mapema kabla hajanunua. Sababu ya kwanza ni ya safari. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe kwenye begi la mkononi au la kupakiwa, na hata zile za kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Sanduku la wati-saa 1,000 litazuiwa uwanjani, na hasara itakuwa yake. Sababu ya pili ni nzito zaidi kwako: umeme wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60, na wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Sanduku lililotengenezwa kwa soko la kule litatoa volti 120, na friji yako haitafanya kazi kwayo ipasavyo. Kompresa inaweza kuvuma bila kuzunguka mpaka ikaungua. Wapo watakaokushauri uweke transfoma ya kupandisha volti katikati, lakini transfoma hiyo inakula umeme wake, inaongeza mzigo wakati wa kuwasha, na hezi zinabaki zilezile. Isitoshe, baadhi ya masanduku hayo hata chaja yake hupokea volti 120 peke yake, kwa hiyo siku ya kwanza utakayoichomeka Kimara huenda ikawa ya mwisho. Mwombe akutumie fedha, ununue hapa.

Ukinunua hapa, iwe Kariakoo au kwingineko, dai risiti ya EFD inayotaja bidhaa na waranti iliyoandikwa, kisha ibebe kwa mkono kabla hujalipa. Sanduku halisi la wati-saa 1,000 lenye betri ya aina ninayokwenda kukueleza huwa na uzito wa kilo 10 au zaidi. Likiwa jepesi kama begi la shule, ujazo ulioandikwa ubavuni si wa kweli. Nyumbani lipime: lijaze, washa feni na televisheni ambazo wati zake unazijua, andika saa, na uliache mpaka lizime. Wati ukizidisha kwa saa, unapaswa kukaribia 850. Fanya hivyo ndani ya wiki ya kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Sasa jirani. Dada yangu, katika barua yako yote, waya wenye plagi pande zote mbili ndicho kitu pekee kilichonitisha. Usiutumie, na usimruhusu yeyote autumie nyumbani kwako, hata kwa kujaribu. Upande mmoja ukishachomekwa kwenye soketi yenye umeme, vyuma vya plagi ya upande wa pili vinakuwa na volti 230 vikiwa wazi hewani, mkononi mwako au mbele ya mtoto. Ukifanikiwa kuuchomeka ukutani, umeme unatembea kinyume: unaingia kwenye nyaya za nyumba na, kama swichi kuu haijazimwa, unatoka kwenye mita hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa volti za nyumbani ndiyo hiyohiyo inayoweza kuzipandisha ikilishwa kutoka upande wa chini, na huko juu ya nguzo anaweza kuwako fundi wa TANESCO anayerekebisha hitilafu iliyowakatia umeme, akiamini laini haina kitu. Mara nyingi sanduku litazidiwa na mzigo wa mtaa na kuzima, lakini maisha ya mtu hayawekwi juu ya neno "mara nyingi". Na umeme wa gridi ukirejea huku sanduku likiwa bado linasukuma wake, vyanzo viwili vinagongana na invata inaungua, pengine na nyaya pamoja.

Njia sahihi ni rahisi kuliko hiyo. Friji ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya sanduku, na taa na ruta zipate ekstensheni nzima yenye waya mnene. Ukitaka baadhi ya saketi za nyumba zilishwe na sanduku, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova, ambayo hairuhusu vyanzo viwili kukutana kwa namna yoyote. Wakati huohuo akupimie na eathi ya nyumba, kwani nyumba nyingi za Dar es Salaam zina waya wa eathi unaoishia kwenye udongo mkavu au usiofika popote.

Lipo jambo moja ambalo hakuna aliyekwambia, na kwako ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Masanduku mengi ya siku hizi yanaweza kukaa katikati ya ukuta na friji saa zote: umeme ukiwapo unapita kwenda kwenye friji huku betri ikijazwa, na ukikatika invata inashika kazi ndani ya muda mfupi sana ambao friji haiuhisi. Hufanya hivyo hata yuniti za LUKU zikiisha usiku. Hapo huhitaji kuamka. Muulize muuzaji kama chombo chake kina uwezo huo, na kabla ya sanduku weka friji gadi, kwa sababu umeme wa gridi ukiwapo hupita humo kama ulivyo, pamoja na kupanda na kushuka kwake.

Kuhusu kuchaji saa 12 na kuiacha iishe kabisa, jirani anarudia ushauri uliokuwa na maana kwa betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya aina hiyo. Chaja yake hujikata ikijaa, kwa hiyo saa 12 hazina faida wala madhara, lakini kuimaliza hadi sifuri kila mara kunaizeesha, na kuiacha tupu kwa miezi kunaweza kuiua kabisa. Itumie, ichaji ikibaki asilimia 20 hivi, na kama imekaa tu bila kazi ichomeke walau kila baada ya miezi mitatu.

Hofu ya shemeji yako si ya kupuuzwa, ila ameijumlisha mno. Betri za lithiamu ziko za kemia mbalimbali. Zile zenye nikeli na kobalti ni nyepesi, hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, na zikiharibika ndani hupata joto linalojilisha lenyewe mpaka moto. Zile za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo kibandiko chake huandikwa LiFePO4, ni nzito zaidi lakini zinavumilia joto vizuri zaidi na si rahisi kufika hapo. Tena nyingi hukadiriwa kujazwa na kutumika mara 3,000 au zaidi kabla ujazo haujashuka kwenye asilimia 80, wakati za kundi la kwanza mara nyingi huhesabiwa kwa mamia. Kwa nyumba yenye mama mzee na watoto, mimi singenunua nyingine isipokuwa LiFePO4. Liweke sanduku mahali palipo na hewa, juu ya sakafu ya saruji au meza imara, pasipopigwa na jua, si ndani ya kabati la nguo na si kwenye njia ya kutokea. Usiliache ndani ya gari lililofungwa mchana, humo joto hupanda kupita kiasi. Na kama siku moja litavimba, litatoa harufu kama ya rangi au dawa, au litafanya mlio wa kuvuja, usilifungue na usilikumbatie kulitoa nje: toa watu, funga mlango, piga Zimamoto namba 114.

Jenereta nayo ina nafasi yake, na nisingependa uiondoe kwa kuambiwa tu kwamba imepitwa na wakati. Umeme ukikosekana siku tatu, jenereta inajazwa mafuta na kuendelea, na sanduku lisilo na paneli linakuwa mzigo. Lakini moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Jenereta haiwashwi ndani, wala barazani karibu na dirisha, hata mvua ikinyesha, na katika kiwanja cha Kimara chenye nyumba zilizobanana sioni mahali utakapoiweka bila moshi kumwingilia mtu fulani. Ipo pia invata ya kufunga ukutani yenye betri za asidi. Betri moja ya ampea-saa 200 kwa volti 12 ni wati-saa 2,400, nusu yake tu ndiyo ya kutumia kama unataka idumu, na hata hiyo nusu inalizidi sanduku lako. Faida yake nyingine ni kwamba fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza, wakati pawa stesheni ikifa ndani mara nyingi ni ya kutupwa. Kama nyumba ni yako na huna mpango wa kuhama, ilinganishe bei yake na ya sanduku kabla hujaamua. Kama umepanga, sanduku linahama nawe.

Kabla ya kufika Lushoto, niseme ni wakati gani maelezo ya kwenye maandishi hayatoshi. Kama mama au mtu mwingine nyumbani atawahi kuhitaji mashine ya oksijeni, usilitegemee sanduku hili: mashine ya lita 5 kwa dakika huvuta wati 300 na zaidi bila kupumzika, na itazima chini ya saa 3, hapo daktari wake na mhandisi wanapaswa kukaa na ninyi na kupanga, pamoja na mtungi wa akiba. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, plagi ikibadilika rangi, au friji ikikupiga shoti hafifu ukiwa miguu mitupu, mwite fundi kabla ya kununua chochote. Na chupa ya insulini uliyo na shaka nayo, au sukari ya mama inayopanda bila sababu baada ya siku za joto, ipeleke kwa mfamasia au kliniki yake.

Nimeiacha kambi mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndipo mpango wako unapojipinga wenyewe. Siku tatu utakazokuwa Lushoto na sanduku hilo, friji ya mama Kimara itakuwa haina mlinzi, na wewe mwenyewe hutakuwapo kumsaidia. Ushauri wangu ni kwamba sanduku la nyumbani lisitoke nyumbani. Kambi inahitaji kidogo sana. Taa nne za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100 kwa usiku. Simu moja hujazwa kwa wati-saa 15 hadi 20, kwa hiyo simu nne za walezi ni kama 80 kwa siku. Sanduku la wati-saa 300 na paneli ya wati 100 vinaendesha hayo yote mkitenga simu za vijana, ambao siku tatu bila simu hazitawadhuru. Paneli hiyo, juani kabisa kwa saa 5, itakupa wati-saa 350 hivi baada ya kupoteza njiani. Chini ya miti ya Usambara au siku ya ukungu hesabu theluthi ya hapo, na kumbuka kwamba kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli hupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa hiyo mpeni kijana mmoja kazi ya kuisogeza. Baridi ya usiku wa Julai kule haiidhuru betri. Kinachoiharibu ni kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzijoto 0, jambo la wapanda Kilimanjaro. Umande ndio adui wenu, kwa hiyo usiku sanduku liingie hemani juu ya kigoda, si juu ya nyasi.

Sanduku la ukubwa huo huna haja ya kulinunua, maana umesema jirani yako anayo ndogo. Mwombe akuazime kwa siku hizo tatu, ukishahakikisha ujazo wake kwa jaribio la feni nililokueleza. Na siku utakayokwenda kuichukua, mwombe pia ule waya wake wenye plagi mbili, umweleze habari za fundi aliye juu ya nguzo, kisha ukateni katikati mkiwa wote wawili.